Vikombe vya Matanga

Ukitaka kujua chuo chetu kilikunywa chai kiasi gani wiki hiyo, hukuwa na haja ya kuuliza mesi, bwalo letu la chakula. Ulisubiri tu mvua inyeshe, halafu ukashuka mtaa wa Kaloleni. Mtaro wa nyuma ya mesi unapita chini ya ukuta wa chuo, unavuka barabara kwa kalvati, lile bomba la chini ya lami, kisha unaingia mtaani katikati ya zile nyumba za zamani za baraza la jiji. Vikombe vya kutupa vilikuja na maji hayo, vingine bado vina alama ya rangi ya midomo ya mtu, vikajikusanya mdomoni mwa kalvati na kuiziba. Maji yakakosa njia, yakapanda hadi milangoni mwa watu. Mmoja wa milango hiyo ulikuwa wa kina Caleb Masinde.

"Vikombe vya chuo vilifika kwetu kabla mimi sijafika chuo," Caleb alizoea kusema. Watu walicheka wakidhani anatania, na yeye aliwaacha wacheke.

Mimi ni Shiro, mzaliwa wa mtaa wa Jericho, na mama yangu ana kibanda cha mboga pale sokoni. Subira sikujaliwa, na watu wa maneno mengi hunichosha upesi. Chama cha mazingira cha chuo chetu nilikuwa nimekihama mwaka wa kwanza, maana kazi yake ilikuwa kupanda miche mbele ya kamera na kuiacha ife kwa kiu likizo ikifika. Nilirudi Caleb alipochaguliwa mwenyekiti. Siku ya mkutano wake wa kwanza alisimama, mwembamba, macho yake yana umanjano ambao wengi walidhani ni wa kukosa usingizi, akasema hatutapanda mti wowote muhula huo. Tutafanya jambo moja tunalolifanya kila siku, na tutalifanya vizuri. Tutakunywa chai.

Mpango wake ulikuwa rahisi hata mtoto angeuelewa. Rafu moja iwekwe mlangoni mwa mesi, yenye vikombe vya kudumu. Unachukua kimoja, unakunywa, unakiosha pale mferejini, kwenye bomba la maji, unakirudisha. Chuo kilitununulia vikombe vya plastiki vya kijani vyenye nembo, na mkuu wa wanafunzi akapigwa picha akinywea kimoja. Haukupita mwezi, rafu ilikuwa tupu. Vikombe vilikuwa mabwenini, vimebeba miswaki, kalamu na maua ya bandia. Niliingia chumba kimoja nikakuta kikombe chetu kimegeuzwa kuwa cha kupimia mchele. Nilikitwaa, tukagombana na mwenye chumba mpaka jirani akaja kutuamua.

Mkuu alituita ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa amechoka tu. Alisema chuo hakitanunua vikombe vingine, na kama kufikia mwisho wa muhula rafu itakuwa bado tupu, mesi itarudia vya kutupa na habari hiyo iishie hapo. Tulipotoka, nilikuwa nachemka. Caleb akasema anajua mahali penye vikombe ambavyo havijawahi kupotea hata kimoja tangu yeye azaliwe.

Vikombe hivyo vilikuwa chini ya kitanda cha mama yake.

Mama Caleb alikuwa mwenyekiti wa kundi la akina mama la Kaloleni, lile linaloshughulika na misiba. Mtu akifiwa mtaani, akina mama hao ndio wanaofika wa kwanza, wakiwa na sufuria, sukari, na masanduku ya bati yaliyojaa vikombe. Ni vikombe vya zamani, vyeupe vyenye ukingo wa buluu, vilivyochubuka hapa na pale. Kila nyumba ilitoa vyake kundi lilipoanzishwa, na kila nyumba ikaweka alama yake chini ya kitako kwa rangi ya kucha: nukta nyekundu, mstari wa waridi, msalaba wa zambarau. Aliyekulia mitaa yetu ya Eastlands hahitaji kuelezwa alama hizo. Akigeuza kikombe akaona rangi ya kucha, anajua ni cha matanga.

Kundi lilikuwa na sheria moja ambayo kila mama aliijua: vikombe havitoki bila msiba. Havikwenda harusini, wala kwenye siku ya kuzaliwa ya mtoto, wala kanisani. Caleb alipoviomba, mama yake alikataa. Akaomba tena, akamweleza habari za mtaro na kalvati, akamkumbusha yeye mwenyewe alivyosimama ndani ya maji mwezi wa Aprili akiokoa godoro. Mama alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na kumnyima kitu hakukuwa kipaji chake. Asubuhi moja alivuta masanduku, akavihesabu kwa macho, akamwambia, "Vichukue. Lakini virudi." Tulivisukuma kwa mkokoteni hadi chuoni, Caleb akiimba njia nzima kwa sauti mbaya sana.

Siku hiyo hiyo, Sydney alikigeuza kimoja.

Sydney ni wa darasa letu, anatoka mtaa wa Baba Dogo, na akiona watu wamekaa kimya huona ni kazi yake kuwachekesha. Alikiinua juu ili meza zote zione ile nukta nyekundu.

"Buda, hizi si ni vikombe za matanga? Nani amekufa?"

Mesi nzima iliangua kicheko. Caleb naye alicheka. Lakini jina lilishika, na kuanzia hapo likawa Vikombe vya Matanga, na Caleb mwenyewe akaitwa Matanga. Wengine walicheka tu huku wakinywa. Wengine, tena watu wanaosomea sayansi, waliapa hawatagusa, wakaanza kununua chai kwenye kibanda cha nje ili wapewe kikombe cha kutupa. Nilitaka tuikwangue ile rangi. Caleb alikataa. Alisema hiyo alama ndiyo iliyovirudisha nyumbani miaka yote, kwa sababu hakuna mtu anayeiba kikombe cha msiba.

Na kweli, havikupotea. Kila jioni rafu ilijaa. Tena pale mferejini kukazuka jambo ambalo hatukulipanga: watu wakisubiri zamu ya kuosha walizungumza. Watu waliosoma pamoja bila salamu walianza kujuana majina. Caleb alinionyesha kwa kidevu, akasema ndivyo inavyokuwa hata mtaani. Mtu akishakunywa chai ya matanga, hawezi kuondoka papo hapo, kuna kikombe cha kuosha, na akiosha kimoja anaosha na cha mwenzake, na kwa njia hiyo mfiwa hapati kubaki peke yake mapema. Ndiyo maana inaitwa kukaa matanga, alisema. Siku hizi watu hawakai. Wananywa, wanatupa, wanaenda.

Mwezi wa Julai, baridi ilipokaza, Caleb alilazwa.

Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao mtu huzaliwa nao. Mimi nilijua kwa sababu niliwahi kumwona akimeza vidonge vyake, na aliniomba nisimwambie mtu, asije akaanza kuhurumiwa. Nilikuwa nimemsindikiza hospitali mara kadhaa na kila mara alirudi baada ya siku chache, amekonda kidogo, anadai noti za darasa. Safari hiyo sikuwa na wasiwasi mkubwa. Nilimpelekea machungwa siku ya Jumamosi tukabishana juu ya rafu ya pili aliyotaka tuianzishe. Jumatatu asubuhi akafariki.

Sitaeleza nilivyolipokea. Nitasema tu kwamba nilikuwa bado nimekaa sakafuni chumbani kwangu wakati simu ilipoanza kulia kwa jumbe za kundi la darasa: poleni, poleni, apumzike. Katikati ya hizo pole, Sydney aliandika: "Si tulisema hizo vikombe ziko na mkosi."

Chini yake watu waliweka vikatuni vya kulia. Hakuna aliyemkanya. Mwingine akaongeza kuwa bibi yake husema vitu vya msiba havichezewi. Mwingine akauliza nani amekuwa akinywea na kama anajisikia vizuri. Kufikia saa ya chakula cha mchana habari ilikuwa imekuwa ukweli, na rafu mlangoni mwa mesi ilikuwa imejaa pomoni, hakuna mkono uliothubutu kuigusa. Mtu alikuwa ameifunika kwa shuka. Mesi ilifungua katoni ya vikombe vya kutupa, bila barua wala tangazo, na ikawa kana kwamba Caleb hakuwahi kusimama mahali pale.

Nilivifunga vikombe kwenye masanduku yake, nikamtafuta mwenye mkokoteni, nikavirudisha Kaloleni.

Nilidhani naenda kumpa pole mama aliyefiwa. Nilimkuta amesimama mlangoni, kitambaa kimefungwa kichwani, na alipoona masanduku alirudi nyuma hatua moja. Maneno ya chuo yalikuwa yamenitangulia. Kaloleni na chuo hutenganishwa na ukuta na barabara tu, na jambo la aina hiyo halihitaji lango. Ndani alikuwepo Mama Akech, jirani yake mzee wa nyumba ya pili, ambaye ni mmoja wa waliolianzisha lile kundi na anayetembea kwa mkongojo. Alikuwa ameshika kikombe cha uji ambao mwenye nyumba alikuwa ameukataa.

Mama Caleb hakunikaribisha kukaa. Aliyatazama masanduku kwa muda, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri.

"Shiro, vikombe hivi havitoki bila msiba. Mimi nilivitoa. Msiba ukavifuata."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia habari za ugonjwa, za damu, za baridi ya Julai, mambo ambayo yeye aliyajua kabla mimi sijajua kutembea. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema huyo ugonjwa aliulea pamoja na mtoto, anajua sura yake na mwendo wake. Umekuja mara nyingi na kila mara umeondoka. Kwa nini mara hii, mwezi ule ule aliovunja sheria, umekataa kuondoka? Mimi niliye na jibu kwa kila mtu niligeuka nikamtazama Mama Akech.

Mama Akech aligonga sakafu kwa mkongojo wake. Alisema sheria hiyo aliitunga yeye, pamoja na mama mkwe wa Mama Caleb, Mungu amrehemu, na haikuwa na roho wala jini ndani yake. Kulikuwa na harusi Baba Dogo. Waliazima vikombe, watu wakalewa, nusu ya vikombe ikabaki huko, na akina mama wakachoka kuzunguka nyumba za watu wakidai. Basi wakakata kauli: kuanzia leo havitoki bila msiba.

"Ilikuwa ni sababu ya wezi, mwanangu," alisema. "Wezi tu."

Mama Caleb aliitikia kwa kichwa, vile unavyomwitikia mgeni anayekueleza njia ya kwako mwenyewe. Maneno hayo hayakuingia mahali popote. Akaniomba nimsaidie kusukuma masanduku chini ya kitanda, mpaka kabisa ukutani. Alisema kesho yake, kwenye sala ya marehemu katika ukumbi wa mtaa, watu watanywea vya kutupa, na mazishi ya kwao Bungoma yakishapita atamwita muuza vyuma chakavu avichukue vyote. Wenzake wa kundi wamchukulie hatua wanayotaka. Nikatoka nje nikasimama kwenye ua wake, karibu na ule mtaro, nikalia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Alikuwa amepoteza mwana, na sasa walikuwa wamempa na kosa la kumuua.

Siku ya sala chuo kilileta basi. Mkuu wa wanafunzi alikuja, walimu wawili watatu wakaja, na darasa letu karibu lote, wamevaa nguo nyeusi, wamejawa na adabu ambayo hawakuwa nayo Jumatatu. Walishusha mikate, sukari, majani ya chai na katoni za vikombe vya kutupa. Nia yao ilikuwa njema, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu huwezi kumtukana mtu mwenye nia njema. Katoni ziliwekwa juu ya meza ndefu ukumbini, mbele ya picha ya Caleb.

Nilimtafuta Sydney. Nilimkuta nje amejitenga kando ya ukuta, anachezea zipu ya jaketi lake. Sikumsalimia.

"Ulijua alikuwa mgonjwa?"

Alisema hapana. Nikamwambia: tangu kuzaliwa. Nikamweleza ugonjwa wenyewe, na vidonge, na mara zote ambazo Caleb alikuja darasani viungo vinamuuma akacheka utani wake yeye Sydney. Kisha nikamweleza ule ujumbe wake ulikofika. Nikamwambia kuna mama hapo ndani hajaonja chai tangu Jumatatu, anayeamini amemuua mwanawe kwa kikombe, na kwamba imani hiyo ina mwandishi.

"Manze Shiro, mimi nilikuwa nabonga tu," alisema. "Nilikuwa naogopa. Nikiogopa mimi hubonga, mdomo unaenda wenyewe."

Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, na ubishi ninauweza. Nilimtazama nikaona kijana mwenye macho mekundu ambaye rafiki yake amekufa na hajui aiweke wapi mikono yake. Nikamwambia aende akamwambie mama hivyo hivyo. Akatikisa kichwa, hawezi, ataanzia wapi. Nikamwacha hapo ukutani, nikaenda kwa Mama Akech.

Mama Akech hakuhitaji kubembelezwa. Alisema vikombe ni vya kundi, si vya mtu mmoja, na yeye hajapiga kura ya kuviuza. Alichukua wanawake wawili wa kundi, tukaingia nyumba ya Mama Caleb, iliyo hatua chache tu kutoka ukumbini, tukavuta masanduku kutoka ukutani. Tulivisuuza pale uani haraka haraka. Pasta alipomaliza kuomba na watu wakaanza kuketi vizuri wakisubiri chai, tuliingia na masanduku, tukayaweka mezani karibu na zile katoni, na vifuniko vikafunguliwa.

Ukumbi ulinyamaza. Wa mtaani walinyamaza kwa sababu walijua sheria aliyoivunja mwenye msiba, na wa chuo walinyamaza kwa sababu walivitambua vikombe. Mama Caleb alikuwa ameketi mbele, kati ya dada zake waliotoka Bungoma. Akasimama.

"Virudisheni," alisema.

Mama Akech akajibu kwa upole kwamba huu ni msiba, Mama Caleb, na vikombe ni vya msiba. Leo hakuna sheria inayovunjwa.

"Virudisheni, nimesema. Sitaki na mtoto wa mtu mwingine afuate."

Hapo kila mtu alielewa. Nilimwona mkuu wa wanafunzi akiinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimepanga kwamba nitakunywa wa kwanza, kwa mbwembwe, mbele ya wote, na kumwonyesha kila mtu. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Nilipoiona sura ya yule mama niliogopa; si kikombe nilichokiogopa, bali yeye, namna alivyoutazama mkono wangu. Kwa macho alikuwa akiniomba nisiguse.

Sydney alinipita. Sikujua alikuwa ameingia. Alichukua kikombe cha juu kabisa, akakisogeza kwa mama aliyekuwa na birika, na yule mama, kwa kuzoea tu, akamimina. Chai ilikuwa ya moto sana. Sydney aliinywa hivyo hivyo, ikitoa mvuke, machozi yakimtoka, sijui ni ya kuungua au ya nini, na hakukishusha mpaka kikaisha. Kisha akaenda akapiga magoti mbele ya Mama Caleb, kikombe bado mkononi.

"Mathe, ni mimi niliandika hiyo maneno," alisema. "Ya mkosi. Caleb alikuwa beshte yangu. Sikujua ni mgonjwa. Nisamehe."

Mama Caleb alimkagua. Alimtazama usoni, kooni, mikononi, kama mama anayemkagua mtoto aliyeanguka kutoka mahali pa juu, akingoja kuona kama kuna kilichovunjika. Alingoja kweli. Ukumbi mzima ulingoja naye. Sydney alikuwa palepale, magotini, anavuta makamasi, mzima.

Ndipo Mama Caleb akakitoa kile kikombe mkononi mwake. Hakukigeuza aone alama. Alikinyoosha pembeni bila kutazama, na mwenye birika akakijaza. Dada yake mmoja alitaka kumzuia, akamshika mkono, lakini Mama Caleb akautoa taratibu. Akanywa. Ilikuwa chai yake ya kwanza tangu Jumatatu na alikunywa kama mtu mwenye kiu, mpaka mwisho, halafu akatazama ndani ya kikombe kilichokuwa tupu.

"Hakuna kitu," alisema. "Ni chai tu."

Nilidhani atafarijika. Nilidhani ndicho nilichokuwa nampigania, na kwa kitambo kidogo nilijisikia mshindi. Kisha nikaona uso wake ukivunjika, nikaelewa nilichokuwa nimekifanya. Ile hatia ilikuwa nzito lakini ilikuwa sababu, na sasa hata sababu hakuwa nayo. Alikaa chini kama mtu aliyekatwa miguu.

"Kumbe mtoto wangu alikuwa mgonjwa tu," alisema. Akarudia, safari hii akimwambia Sydney, "Alikuwa mgonjwa tu."

Akalia. Hakuwa amelia tangu Jumatatu, dada zake waliniambia baadaye. Sydney alibaki pale magotini, mama akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, wakalia pamoja, na hakuna aliyejaribu kuwanyamazisha.

Watu walianza kusimama mmoja mmoja. Hakuna aliyetangaza. Mkuu wa wanafunzi alichukua kikombe, walimu wakachukua, kisha darasa letu, wale wale walioifunika rafu kwa shuka. Katoni zilibaki mezani hazijafunguliwa, na hatimaye mtu akaziweka chini ili kupata nafasi ya mikate.

Chai ilipokwisha, dereva wa basi alianza kupiga honi, lakini watu hawakuweza kuondoka kwa sababu kila mmoja alikuwa na kikombe mkononi. Tulitoka nje kwenye mfereji wa ukumbi. Makarai yaliletwa, na jivu, na sabuni ya kipande, na tukaosha, wa chuo na wa mtaani, tumebanana, maji baridi yakitufika viwikoni. Watu walisimulia mambo ya Caleb. Yule niliyegombana naye kwa ajili ya kikombe cha mchele alisimulia ugomvi wetu, na akanifanya mimi kuwa mbaya zaidi kuliko nilivyokuwa. Dereva alizima gari, akashuka, akaja kusuuza.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Mama Caleb alipotoka ukumbini, ameshikwa mkono na Mama Akech. Aliletewa kigoda akaketi kati yetu, akachukua kitambaa kikavu, akaanza kufuta vikombe kadiri tulivyompa. Alisikiliza tu tulivyokuwa tukimzungumzia mwanawe, pengine akitabasamu kidogo, pengine akifuta macho kwa kitambaa kile kile. Aliponyamaza mmoja wetu, alituambia tuendelee.

Alipofuta cha mwisho, aliyavuta masanduku mbele yake. Moja alimwonyesha Mama Akech, alipeleke nyumbani. Jingine alilisukuma kwa mguu mpaka mbele yangu na Sydney.

"Hili lirudi chuoni," alisema. "Alikuwa hajamaliza."

Tukalibeba, Sydney upande mmoja na mimi upande mwingine, tukaliingiza kwenye basi.